Ijumaa Tarehe 13 Si Nuksi ya Waswahili

Kila Ijumaa ikiangukia tarehe 13, Mombasa hii hapakosi mtangazaji wa redio wa kutuonya tujichunge, eti "wazee wa Pwani walisema siku hii ina nuksi." Wazee gani hao?

Nuksi ni balaa inayodhaniwa kukaa ndani ya kitu au wakati wenyewe. Si sawa na ndege mbaya, yaani ishara ya balaa: ndege unakutana naye njiani, ukitaka unarudi nyumbani. Siku ya nuksi hukukuta hata kitandani.

Sasa hiyo tarehe 13 imetoka Ulaya, kwa Wakristo. Ijumaa ndiyo siku aliyosulubiwa Yesu, na kwenye karamu ya mwisho mezani walikuwa watu 13. Wahispania wao huogopa Jumanne ya tarehe 13, Waitaliano huogopa 17, yaani hata huko hawajaafikiana. Kwetu Kibokoni, mtaa wa Mombasa, Ijumaa ni kanzu iliyopigwa pasi, udi, na kuwahi safu ya mbele msikitini. Tena wazee walihesabu tarehe kwa mwezi kuandama, na katika hesabu hiyo 13, 14 na 15 ndizo siku nyeupe, mwezi ukiwa mpevu, ambazo ni suna kuzifunga.

Ukiitaka nuksi ya huku, itafute mfunguo tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, yaani Safar. Wako mpaka leo wasioozesha mwezi huo, na Jumatano yake ya mwisho ndiyo huogopwa zaidi. Ili kujikinga, wengine huandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaiosha, wakanywa yale maji, ndilo kombe. Lakini hata hofu hii ilikuja na jahazi. Kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu, mfunguo pili, tatu na nne ilikuwa miezi mitukufu, vita marufuku. Safar ikiingia, panga zinatoka alani. Watu ndio waliouana, mwezi ukabeba jina baya. Hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inasema "wala hakuna Safar," na wanazuoni wengi huifasiri kuwa inaikana nuksi hiyo hiyo.

Na si Safar peke yake. Waarabu hao walichukia pia kuoa Shawwal, mpaka Bi Aisha, mkewe Mtume, akawajibu kwamba yeye Mtume alimuoa Shawwal, na ni mke gani aliyependwa kumshinda? Shawwal ndiyo mfunguo mosi wetu, na mfunguo mosi ukifika Mombasa harusi zinafuatana hadi turubai za kukodi hazipatikani.

Kwa hivyo, ndugu mtangazaji, tarehe 13 iogope kwa raha zako, hakuna wa kukukataza. Ila usiwasingizie wazee. Tarehe hiyo, kwa mwezi wao, ilikuwa siku ya suna kufunga.