Je, wajua kwa nini kukatisha ruti kunaweza kumvuruga msafiri mwenye usonji kuliko honi?

Niliwahi kumshauri jirani yangu, kwa kujiamini kabisa, amnunulie mwanawe mwenye usonji (autism) hedifoni za kuzuia kelele. Nilidhani tatizo la daladala ni sauti: muziki, honi, konda anayechezesha sarafu kiganjani. Kijana akazivaa, na toka Tegeta mambo yakawa shwari. Kufika Mwenge konda akakatisha ruti: "Mwisho hapa, Makumbusho pandeni ya nyuma!" Mama yake aliniambia kijana alilia hadi jioni, hedifoni zikiwa masikioni.

Kelele si jambo dogo. Wapo ambao honi moja ya lori huwachoma kama sindano. Lakini Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji kwa watoto 11 mwaka 1943, alishaona jinsi walivyotaka mambo yabaki vilevile. DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa Marekani wa mwaka 2013, nao unataja yote mawili: milango ya fahamu, kama masikio yanavyopokea kelele, na kushikilia utaratibu. Mimi nilikuwa nimeshika moja.

Mwaka 2012 watafiti Elizabeth Pellicano na David Burr walipendekeza maelezo yanayoyaunganisha. Chukua walinzi wawili wa geti, tuseme Sinza. Wa kwanza anawajua wapangaji. Anafungua huku anakunywa chai, na hashtuki mpaka aone sura ngeni. Wa pili humwandika daftarini kila anayeingia, hata mpangaji wa mwaka wa saba aliyetoka kununua vocha. Ikifika jioni yuko hoi, na hajakosea kitu. Kwa dhana hiyo, ubongo wenye usonji hauegemei sana yale uliyoyazoea, kwa hiyo mengi huingia kama mageni. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, basi ibaki dhana. Ila inaeleza vizuri faida ya taarifa ya mapema: mlinzi amepewa orodha ya wageni asubuhi.

Simu inaweza kuwa orodha hiyo. Kifaa cha GPS ndani ya basi hutuma mahali lilipo kila baada ya muda mfupi, na programu humwonyesha msafiri vituo vilivyobaki. Seattle, Marekani, wanayo programu ya namna hiyo, OneBusAway, tangu 2008, na utafiti uliona abiria walioitumia hawakuhisi kusubiri kumerefuka kama walivyohisi wenzao. Abiria wa kawaida, nasisitiza. Kwa daladala, inayoondoka ikijaa, afadhali programu ionyeshe gari liko wapi kuliko kuahidi saa 1:12 halafu lifike 1:30. Ahadi ya namna hiyo ikivunjika, ni konda mwingine amekatisha ruti.

Jirani hakusubiri programu. Alipiga picha za vituo vyote, akazipanga kwenye simu, na chini ya picha ya Mwenge akaandika: "Huenda tukashuka hapa." Juzi daladala ilikwenda moja kwa moja hadi Makumbusho. Kijana akamgeukia konda na kumuuliza, kwa upole, mbona Mwenge hajawashusha.