Kutoa betri za asidi na kuweka lithiamu kwenye bajaji: kabla ya bei, nionyeshe chaja

Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara nne, fundi nataka kutoa hizi betri za asidi niweke lithiamu, shilingi ngapi? Mi huwa sijibu bei kwanza. Naomba nione chaja, nione geji, nione taa na honi zinachukua umeme wapi, maana lithiamu nzuri unaweza kuinunua kwa pesa nyingi leo alafu ikafa mapema kwa sababu ya kitu kidogo cha zamani ulichokiacha kwenye chombo.

Nazungumzia bajaji zilizokuwa za petroli, zile tunazotoa injini tukafunga mota, ndo kazi yangu hapa Dar. Nyingi nilizozishika zilianza na betri tano za asidi za volti 12, Ah 100 kila moja (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), zimeungwa kwa kufuatana zinatoa volti 60. Betri moja ya hivyo ina karibu kilo 30, kwahiyo bajaji ina kilo 150 za betri kabla hata abiria hajapanda. Seli 20 za LFP za Ah 100, yaani ile lithiamu ya chuma na fosfeti, kila moja ni kama kilo mbili, ukiweka na boksi na nyaya zake bado hufiki kilo 60. Hizo kilo 90 ulizookoa ni abiria na mzigo wake.

Sasa watu wanauliza, kama zote ni Ah 100 si itakuwa umbali uleule? Hapana. Namba iliyoandikwa kwenye betri ya asidi kawaida imepimwa kwa kuimaliza taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5 tu. Bajaji imepakia watatu inapanda Kimara inavuta ampea 50, 60 na kuendelea, na kwa mvuto huo betri ya asidi ya Ah 100 inakupa kama Ah 60 hivi ndo imechoka. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili mwaka 1897 na halijabadilika mpaka leo. Na hata hizo 60 ukizimaliza zote kila siku salfeti inaganda kwenye sahani za ndani ya betri, mwaka hauishi uko dukani tena. Lithiamu ya LFP haijali sana unavuta haraka au polepole, unaweza kutumia asilimia 80 yake kila siku na ikakufikisha chaji elfu mbili na zaidi, wakati asidi kwenye kazi hii ikifika mia tatu mpaka mia tano ni ya kushukuru.

Ila hapo ndo tatizo linapoanza, kwasababu bajaji yote ilifungwa kwa kufuata tabia ya asidi.

Nianze na geji maana hili lilinikuta mwenyewe na linaniuma mpaka leo. Mzee mmoja dereva, mteja wangu wa siku nyingi, nilimfungia seli 20, nikaweka BMS (kile kibao cha umeme kinacholinda seli na kukata zikijaa au kuisha kupita kiasi), chaja mpya, kila kitu, nikaacha geji ya zamani nikijua geji inasoma volti tu na volti ni volti. Siku ya tano akanipigia jioni yuko mlimani na mama mmoja na mtoto ndani. "Fundi, imezima ghafla kama mtu amekata waya, na geji ilikuwa fulu!" Nikamwambia shikamoo mzee wangu, niko njiani, na kabla sijafika nilishajua kosa ni langu. Betri ya asidi inashuka pole pole, kutoka volti 63 hivi ikiwa imejaa mpaka 52 ikiwa imeisha, dereva anaona mshale unalala anarudi nyumbani. LFP kuanzia asilimia 80 mpaka 20 kila seli inacheza kwenye volti 3.3 mpaka 3.2, kwa seli 20 ni tofauti ya volti mbili tu, kwahiyo geji ya asidi inasema fulu, fulu, fulu, alafu mwishoni volti inaporomoka kwa mkupuo na BMS inakata. Mzee hakunigombeza, alisema tu "kijana wangu, yule mtoto alikuwa anatetemeka, magari yanatupita pembeni." Tangu siku hiyo sitoi bajaji bila geji inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, ile yenye shanti, kipande cha chuma cha kupimia ampea, kwenye waya wa hasi. Mteja akisema ataweka baadae, namwambia basi na betri tufunge baadae.

Chaja nayo inadanganya kwa namna yake. Chaja ya asidi ya volti 60 inamalizia kwenye 73 na nusu hivi, na LFP ya seli 20 mwisho wake ni 73, kwahiyo mtu anapima na mita anasema mbona zinalingana. Lakini chaja nyingi za asidi zikishajaza haziachi, zinaendelea kushikilia kwa sababu asidi inavuja chaji yenyewe, na zingine zinapiga mapigo ya volti kubwa kuvunja ile salfeti. Lithiamu haina salfeti ya kuvunjwa. BMS itakata, ndio, lakini BMS imewekwa kwa ajili ya dharura, ukiifanya ikate kila usiku ipo siku itagoma kukata. Mi chaja zangu naziseti 71, ni volti 3.55 kwa seli, na umbali anaoupoteza dereva hauonekani barabarani.

Kitu kingine ni taa na redio. Kwenye asidi mafundi wengi walikuwa wanachomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya zile tano, ndo maana ukikuta betri moja imekufa peke yake mara nyingi ni ile yenye taa. Usifanye hivyo kwenye lithiamu kwa kuchomoa kwenye seli nne, utazivuruga zile nne na BMS haitaweza kuzirudisha sawa. Funga konveta ya kushusha volti 60 kuwa 12.

Wengi hela haitoshi wanataka kubadilisha mbili leo, tatu mwezi ujao. Naelewa maisha, lakini asidi na lithiamu haziungwi kwa kufuatana, moja itajaa kabla ya nyingine na moja itaisha kabla. Hata zile lithiamu za boksi za volti 12 zenye BMS ndani, kuunga tano muulize muuzaji kwanza, nyingi mwisho wake ni nne. BMS ya boksi moja ikikata katikati ya safari inajikuta imebeba volti za mstari mzima, na transista zake, zile swichi za kukatia umeme, zinaungua.

Nyaya pia. Asidi ikiwa mlimani volti inazama mpaka 54, mota inakosa nguvu, na huo uchovu ulikuwa unalinda waya bila mtu kujua. Lithiamu inabaki 63 pale pale, mota inapokea kila inachoomba, na kiungio kilichokuwa vuguvugu sasa kinayeyusha plastiki. Kaza upya, badilisha waya mwembamba, na fyuzi iwe ya umeme wa betri, isiwe ya nyumbani, ile ya nyumbani ikikatika cheche inaendelea kuruka.

Kwa seli za mtumba, beba mizani. Seli ya LFP inayosema Ah 100 ikiwa na kilo moja na robo, rudisha. Zilizopita mizani nazijaza, nazimaliza kwa mzigo ninaoujua huku nahesabu saa, alafu ndo napanga zinazofanana pamoja.

Sasa zile tano ulizotoa. Tafadhali usimpe kijana wa chuma chakavu anayezipasua kwa shoka na kumwaga asidi mtaroni. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia madini ya risasi, yale yaliyomo kwenye betri hizi, kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mwanae akaugua kwa risasi kupitia maziwa yake, akapigana mpaka kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mi nazisimamisha juu ya ubao, vifuniko juu, terminali nimezifunika kwa tepu, kwenye kona ambayo watoto hawafiki, mpaka mnunuzi mwenye kibali aje na gari lake azipime kilo. Hela yake namkabidhi mteja, anaongezea kwenye geji.