Je, wajua kwa nini "not as tall as" si sawasawa na "hawalingani"?

Sentensi yenyewe ni fupi: "Somoe is not as tall as her mother." Nilikuwa kidato cha pili huko Masasi, na swali liliuliza nani mrefu kati ya hao wawili. Nikajibu kwamba haijulikani, maana tumeambiwa tu kuwa hawalingani. Nikakosa. Mrefu ni mama. Mwalimu aliweka alama ya mkasi akaendelea na swali linalofuata, nami nikabaki miaka mingi nikidhani hiyo ni moja ya kanuni za Kiingereza ambazo mtu anakariri tu. Kumbe ina sababu, na sababu yenyewe inapendeza.

Kosa langu lilianzia mbali kidogo. Tulifundishwa kwamba "as tall as" ni "sawa kwa urefu na". Ukiishika tafsiri hiyo, jibu langu lina mantiki kamili: asiye sawa na mwenzake huenda amempita, huenda amepungua, njia ziko mbili. Lakini Mwingereza akisikia "not as tall as" anaiona njia moja tu, ya kupungua. Kwa nini ile nyingine imefungwa? Kwa sababu maneno hayo, tangu mwanzo, hayakuwa yakisema "sawa". Yanasema "amefikia".

Nyumbani kwa mama mdogo, Mikindani, mwimo wa mlango wa jikoni una mistari ya mkaa. Kila Idi watoto husimamishwa pale, visigino vikigusa ubao, kitabu kikilazwa juu ya kichwa, kisha mstari unachorwa. Mmoja kati ya mistari hiyo ni wa mama mdogo mwenyewe. Pale mlangoni sijapata kusikia mtu akiuliza "mko sawa?" Wanauliza "kakufikia?" Mtoto ambaye kichwa chake kimegusa mstari, amefikia. Ambaye kichwa kimevuka, naye amefikia, halafu amepita. Lakini "hajafikia" ina maana moja tu: kichwa kiko chini ya mstari. Hakuna anayesema mtoto hajamfikia mama yake kwa sababu amemzidi.

Ndivyo "as tall as" inavyofanya kazi. Ijaribu kwa sentensi hii: "Somoe is as tall as her mother; in fact, she is taller." Msikilizaji wa Kiingereza haoni mgongano wowote. Sasa sema kwa Kiswahili "Somoe analingana na mama yake kwa urefu, tena amempita." Umejipinga mwenyewe. Badili: "Somoe amemfikia mama yake kwa urefu, tena amempita." Inateleza vizuri. Kwa hiyo tafsiri ya karibu zaidi tunayo, na tunaitumia kila siku bila kufikiri kuwa ni somo la Kiingereza.

Hapa pana tahadhari. Katika mazungumzo ya kawaida, "as tall as" ikisimama peke yake husikika kama usawa kweli, kwa kuwa msikilizaji hujiambia: angekuwa amempita, si ningeambiwa amempita? Mwanafalsafa Paul Grice aliieleza namna hii ya kukisia katika makala yake ya mwaka 1975, na wanaisimu bado wanabishana kiasi gani cha maana kiko ndani ya maneno na kiasi gani hujazwa na msikilizaji. Na laiti sentensi ya mtihani ingekuwa "Somoe and her mother are not the same height", jibu langu lingekuwa sahihi.

Lakini kwa nini "as" mbili? Fikiria kisado cha kupimia mbaazi sokoni. "As" ya kwanza ni kisado chenyewe kinapoinuliwa: "kiasi hiki". "As" ya pili inasema kisado ni cha nani. Ndiyo maana katikati kivumishi hukaa kitupu, na "as taller as" haikubaliki: "taller" tayari imeshamiminiwa nyongeza juu ya kipimo. Na kwa kuwa ni kipimo, unaweza kukirudia. Mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale, iliyochimbwa na Wajerumani Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin ikiwa na kimo cha mita 13.27. Twiga dume aliyekomaa hufika mita tano na ushee. Basi mjusi yule ni "more than twice as tall as a giraffe": visado viwili vya twiga, na bado mita zinabaki. (Asili ya "as" ni neno la Kiingereza cha kale, eallswā, ambalo pia ndilo lililozaa "also". Limesagika hadi zikabaki herufi mbili.)

Neno "kama" nalo linahitaji uangalifu. Ukisema Somoe ni "mrefu kama mama yake", umeshamwambia msikilizaji kwamba mama ni mrefu. "As tall as her mother" haisemi hivyo. Mama anaweza kuwa mfupi kabisa, maana "tall" pale imetaja urefu kama tunavyotaja kilo. Geuza iwe "as short as her mother" na mambo yanabadilika: sasa wote wawili wameitwa wafupi.

Kuna kundi moja ambalo halimo katika habari hii ya mlangoni, nalo ni misemo kama "as black as coal". Anayeisema hapimi mkaa wala hamlinganishi mtu nao. Anakoleza tu weusi, kama sisi tunavyosema mweusi tii.