Mimba ikitunga sio katoto kamekamilika
Huku Moshi wengi tumekua tukiambiwa mimba ikitunga tu tayari kuna katoto kamili, vidole na kila kitu, kazi yake ni kunenepa tu mpaka miezi 9. Kumbe wiki ya 3 hivi ni kitu bapa tu, kama vichapati 3 vimebandikana, tabaka la juu linatoa ngozi ya nje na ubongo (ndio, vinatoka sehemu moja, hata mimi nilishangaa), la kati moyo, damu, misuli na mifupa, la ndani ini na utando wa utumbo na mapafu. Unataka kuhakikisha? Chukua yai la kuku wa kienyeji aliyelalia, siku ya 5 usiku mulika na tochi ya simu, utaona doa na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, kifaranga cha manyoya bado kabisa, halafu lirudishe kabla halijapoa.