Je, wajua kwa nini nyimbo za ujanani hazituachi?

Huhitaji hata sekunde moja. Mwaka 2010, mtafiti Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwapigia watu vipande vya nyimbo maarufu vya milisekunde 400 tu, yaani chini ya nusu sekunde. Katika zaidi ya robo ya majaribio, walitaja jina la wimbo na la mwimbaji. Mwimbaji hajamaliza hata neno, lakini mlio wa gitaa na sauti yake vimeshamtambulisha.

Ila kuutambua wimbo ni jambo moja. Kushikwa na donge kooni kwa sababu yake ni jingine kabisa. Mwaka 2009, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwalaza wanafunzi 13 kwenye mashine inayoonyesha ubongo ukiwa kazini, akawapigia vipande vya sekunde 30 vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Kadiri wimbo ulivyoamsha kumbukumbu, ndivyo sehemu moja ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ilivyozidi kuchangamka. Sehemu hiyo hushughulika pia na mambo yanayomhusu mtu mwenyewe: mimi ni nani, napenda nini. Wanafunzi 13 ni wachache, sikatai, lakini hapo ndipo ninapopata jibu. Wimbo haukuletei tukio peke yake. Unakuletea wewe wa wakati ule, na viatu vyako vilivyokuwa vikikubana, na yule rafiki mliyekuwa mkigombania spika moja ya sikio.

Kwa nini basi iwe ujanani? Ukiwauliza watu wazima wasimulie maisha yao, kumbukumbu nyingi huangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30, na nyimbo hufuata mkondo huohuo. Ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: penzi la kwanza, safari ya kwanza bila wazazi, mshahara wa kwanza. Ndio umri pia wa kurudia wimbo mmoja mpaka wenzako nyumbani wakuombe uuzime. Kwa hiyo mtu anapokuambia muziki wa siku hizi si kitu, mwulize kwanza alizaliwa lini.

Lakini kuna jambo lililowashangaza hata watafiti. Mwaka 2013 Krumhansl na mwenzake Justin Zupnick waliwapima vijana wa umri wa karibu miaka 20, wakakuta wanazipenda na kuzihusisha na maisha yao nyimbo za miaka ya mwanzo ya 1980, zilizopigwa wazazi wao walipokuwa vijana. Hata zile za miaka ya 1960 zilijitokeza. Huenda mtoto hurithi nyimbo bila kuambiwa, kwa sababu tu zilikuwa zikipigwa nyumbani.

Na ule msisimko wa vinyweleo kusimama? Watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba ubongo humwaga dopamini, kemikali inayohusika na hisia ya raha, wimbo unapofika kileleni, na huanza kuimwaga hata kabla, unapokingojea kile kiitikio unachojua kinakuja. Wimbo unaoufahamu vizuri ndio unaokupa nafasi ya kungojea hivyo.

Kumbukumbu ya muziki ni ngumu kufutika. Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, alishambuliwa na virusi kwenye ubongo mwaka 1985, akabaki na kumbukumbu ya sekunde chache tu. Dakika moja tu ikipita, alishasahau mliyozungumza. Hata hivyo aliendelea kupiga piano na kuongoza kwaya.

Sasa, si kila wimbo mzuri hubeba kumbukumbu. Ule unaopigwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, umeshikamana na siku nyingi mno kiasi kwamba hauwezi kukupeleka kwenye siku moja. Wenye nguvu ni ule uliovuma msimu mmoja, ukachuja, ukasahaulika. Ndiyo maana wimbo ambao hata hukuupenda sana, wa tangazo la redio au wa jirani asiyejua kupunguza sauti, unaweza kukutoa machozi kuliko ule unaouita kipenzi chako. Na kama unao mmoja wa namna hiyo, ningekushauri usiuweke kwenye orodha ya nyimbo za kufulia nguo.