Maswali na Majibu: Mapafu, Pumzi na Jiko la Makaa

Swali: Je, mapafu ndiyo yanayovuta hewa?

La. Mapafu hayana msuli wowote wa kuyatanua. Watu wengi huyafikiria kama maputo mawili matupu, lakini yanakaribiana zaidi na sifongo. Aliyenunua nyama ya mbuzi katika soko la Burma jijini Nairobi huenda ameona mapafu yakielea kwenye karai la maji ilhali ini limezama; hata baada ya mnyama kuchinjwa, hewa nyingi husalia ndani yake.

Anayefanya kazi ya kuvuta ni kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, akisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kinapojikaza hushuka, mbavu huinuka, nafasi iliyomo kifuani huongezeka, na kwa kuwa shinikizo la ndani limekuwa dogo kuliko la nje, hewa hujiingilia yenyewe. Mlaze mtoto mchanga chali uangalie tumbo lake likipanda na kushuka: hicho ni kiwambo kikisukuma matumbo. Kutoa pumzi, mtu akiwa ametulia, hakuhitaji nguvu; kiwambo hulegea na mapafu hunywea kama mpira ulioachiliwa.

Swali: Baada ya hewa kuingia, damu huipataje?

Hewa hupashwa joto na kutiwa unyevu puani, hupita kooni na kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kisha huteremka katika bomba la hewa ambalo hugawanyika mara mbili, kila tawi likazaa matawi mengine membamba zaidi, hadi kufika kwenye vifuko vidogo mno vya hewa. Vifuko hivi ni zaidi ya milioni 300, na vikitandazwa vinaweza kufunika takriban mita 70 za mraba, eneo linaloshinda vyumba vingi vya kupanga jijini. Ukuta wa kila kifuko, pamoja na ule wa mshipa wa damu ulioukumbatia, ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya hapo na kushikwa na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, na wakati huohuo kabonidayoksaidi hutoka kwenye damu ili itupwe nje.

Hatuimalizi oksijeni tunayoivuta. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni, na ile tunayoitoa bado ina kama asilimia 16. Ndiyo maana inawezekana kumwokoa mtu aliyezirai majini kwa kumpulizia pumzi mdomoni.

Swali: Ni nini hutulazimisha kupumua hata usingizini?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mwili hulilia oksijeni. Sehemu ya chini ya ubongo, iliyo juu kidogo ya shingo, hupima zaidi wingi wa kabonidayoksaidi katika damu. Ukizuia pumzi, ile dhiki unayoihisi kifuani hutokana hasa na kabonidayoksaidi inayorundikana, wala si upungufu wa oksijeni. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu tutalirudia.

Swali: Mbona mgeni wangu kutoka Mombasa hutweta akipanda daraja la miguu la Thika Road?

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni ni ileile asilimia 21, lakini shinikizo la hewa ni dogo kwa karibu moja ya tano, hivyo kila pumzi hubeba oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, na baada ya wiki kadhaa huwa umeongeza chembechembe nyekundu za damu. Mgeni asicheke wala asichekwe, apande polepole.

Swali: Na moshi wa magari ya matatu?

Vumbi kubwa hunaswa na kamasi, na vinyweleo vilivyo ndani ya bomba la hewa huisukuma kamasi hiyo juu hadi tuimeze au tuiteme. Chembe ndogo kuliko mikromita 2.5 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hupita ulinzi huo na kufika kwenye vifuko. Mwenye pumu huumia mapema zaidi.

Swali: Msimu wa baridi tunaingiza jiko la makaa chumbani moshi ukishaisha. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Makaa yaliyoiva na kuwa mekundu hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu hukosa nafasi ya kubeba oksijeni, ilhali kabonidayoksaidi huendelea kutoka mapafuni kama kawaida. Basi ule ubongo unaosubiri ishara yake haupati ishara yoyote. Mtu hahisi kubanwa pumzi. Huhisi kichwa kikiuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, hudhani ni malaria au baridi, akajifunika blanketi na kulala.

Mkiamka wawili au watatu katika chumba kimoja mkiumwa na kichwa, tokeni nje mara moja, fungueni mlango na madirisha, kisha mwende hospitalini hata kama mmeanza kupata nafuu. Mwelezeni daktari kwamba mlilala na jiko, kwa kuwa kile kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 mgonjwa akiwa hatarini. Tiba ni oksijeni safi kupitia barakoa: katika hewa ya kawaida sumu hupungua kwa nusu baada ya kama saa 4 hadi 5, lakini kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi takriban dakika 90. Mama mjamzito asikawizwe hata kidogo, maana mtoto aliye tumboni huathirika kuliko yeye.