Papa Leo Mkuu: yanayosimuliwa na yaliyotukia

Tangu Papa Leo XIV achaguliwe Mei 2025, visa vya Leo wa kwanza vimeanza kusimuliwa upya. Leo huyo alikuwa askofu wa Roma kuanzia 440 hadi 461, Dola la Kirumi la Magharibi likiwa linameguka.

Dhana: Alimzuia Attila, mfalme wa Wahunni waliokuwa wakiivamia Italia, malangoni mwa Roma, peke yake, huku Mtume Petro na Paulo wakitokea angani na panga mikononi.

Ukweli: Walikutana mwaka 452 karibu na mto Mincio, kaskazini mwa Italia, mamia ya kilomita kutoka Roma. Picha tuliyoizoea ni ya mchoraji Raphael, ipo Vatikani, na ilichorwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Humo Colosseum imesogezwa hadi nyuma ya Papa, na sura aliyopewa Leo ni ya Leo X, papa aliyekuwa madarakani picha ilipokamilika. Mchoraji alimjua bosi wake.

Wala Leo hakwenda peke yake. Kaisari Valentinian III alituma wajumbe watatu: Leo, Avienus aliyekuwa konsuli (cheo cha juu cha Kirumi) mwaka 450, na Trygetius, ofisa wa ngazi ya juu. Kwa nini Attila aligeuza? Prosper, mwandishi aliyemheshimu sana Leo, anampa Papa sifa zote. Hydatius, askofu wa Hispania wa zama hizohizo, anataja njaa, maradhi na majeshi ya kaisari wa Mashariki, Marcian, yaliyokuwa yakiwashambulia Wahunni. Tena inasimuliwa kwamba watu wa Attila walimkumbusha yaliyompata Alaric, mfalme wa Wagothi: aliipora Roma mwaka 410, na hakumaliza mwaka kabla hajafa. Nionavyo mimi, Leo alimkuta mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta njia ya kuondoka bila kuaibika. Hao mitume wenye panga hawamo kwa waandishi wa wakati ule, waliongezwa baadaye.

Dhana: Basi Roma ikasalimika.

Ukweli: Kwa miaka mitatu tu. Mwaka 455 Wavandali, kabila la Kijerumani, walivuka bahari kutoka Karthago, Afrika Kaskazini, Leo akatoka kwenda kumsihi mfalme wao, Geiseric. Alichopata ni ahadi ya kutochoma mji wala kuua watu. Uporaji wenyewe ulichukua siku 14. Eudoxia, mjane wa kaisari, alichukuliwa mateka pamoja na binti zake wawili. Walipoondoka, makanisa hayakuwa na vyombo vya ibada, na Leo akaamuru mitungi sita ya fedha, zawadi ya tangu enzi za Constantine, iyeyushwe ili vitengenezwe vingine. Kisa hiki hakina mchoro maarufu.

Dhana: Aliongoza mwenyewe Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika karibu na Konstantinopoli, na maaskofu wakaitikia tu.

Ukweli: Hakukanyaga huko. Mwaka 451 alituma wajumbe, wakiongozwa na Askofu Paschasinus kutoka Sisilia. Waraka wake juu ya Kristo kuwa Mungu kweli na mtu kweli ulishangiliwa, lakini maaskofu wa Iliriko (eneo la Balkani) na Palestina walikuwa na mashaka, ikabidi ulinganishwe na maandishi ya Sirili, aliyekuwa askofu wa Aleksandria, kwanza. Halafu mtaguso huohuo ukaipa Konstantinopoli, mji mkuu wa Mashariki, heshima ya pili baada ya Roma. Leo alikataa katakata. Mashariki wakaendelea na lao.